Hitaji Lililotajwa kwa Sauti

Mwinjilisti Tabea alistaafu kazi ya kanisa mwaka ule ule aliomzika mumewe, Abdiel, na watu wa kijiji chake cha Akheri, ambao hawakosi la kusema, walisema Mungu amempunguzia mizigo yote kwa mkupuo. Walikuwa wanamfariji. Yeye aliitikia amina, akarudi kwake kwenye migomba, na huko akagundua kwamba mtu aliyezoea kubeba, akituliwa mzigo wote kwa pamoja, huyumba.

Hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vya kutosha, na kila chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, kwa sababu nyumba ya mwinjilisti haikuwahi kukosa mgeni: mchungaji aliyekatiwa njia na mvua, binti aliyefukuzwa na baba yake, wanakwaya wa mbali. Sasa vitanda vilikaa tu vimetandikwa. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe, akakamua, akapeleka maziwa barabarani. Mchana alipika loshoro, mahindi ya maziwa mgando, na kupika loshoro ya mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana chakula chenyewe hakijui kuwa kidogo. Alikula, akafunika kilichobaki, jioni akakila tena. Siku ambazo mlima umejifunika wingu na manyunyu hayakatiki, aliweza kumaliza kutwa bila kusikia mtu akilitaja jina lake.

Ila alikuwa na alfajiri.

Kila alfajiri, kabla hata majogoo wa majirani hawajaanza kushindana, simu yake ililia kwenye stuli kando ya kitanda, na sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya ziwa ikasema, "Dada, umeamka?" Huyo ndiye Jeneroza. Walikutana miaka mingi nyuma, katika kambi ya wakimbizi karibu na mpaka wa magharibi, kanisa lilipompeleka Tabea kuhudumu huko. Jeneroza alikuwa mke kijana mwenye mimba, mumewe Silvestri yuko msituni na bunduki. Mtoto yule alizaliwa, akaishi kidogo, akafa kwa homa. Mchungaji alikuwa kambi nyingine, kwa hiyo Tabea ndiye aliyesoma maneno ya maziko, akashika jembe, na usiku wa matanga akalala mkeka mmoja na mfiwa. Tangu hapo hawakuachana. Jeneroza alirudi kwao. Mumewe akatoka msituni, akarudi msituni, akatoka tena, mpaka akawa Kamanda Silvestri, mtu ambaye redio zilimtaja. Mkewe akawa mama wa heshima mwenye walinzi mlangoni. Lakini alfajiri alikuwa Jeneroza tu. Walisalimiana, wakasimuliana yaliyowasibu, kila mmoja akamtajia mwenzake hitaji lake, wakaomba kwa zamu, bando likikatika katikati ya sala kila mmoja akamalizia upande wake.

Tabea alizoea kusema moyoni kwamba siku yake ilikuwa fupi mno: ilianza saa kumi na moja alfajiri na kwisha kumi na mbili kasoro. Yaliyofuata baada ya hapo ni kazi.

Asubuhi moja ya kiangazi, Jeneroza alishusha sauti kabla ya kutaja hitaji.

"Ni macho ya baba," alisema. Baba ndilo jina alilomwita mumewe. "Yanakwenda, dada. Karatasi haoni. Sura ya mtu anaijua kwa sauti. Mimi ndiye ninayemsomea kila kitu chumbani, halafu anatoka nje anajifanya amesoma mwenyewe."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari gani? Daktari ana mdomo. Majenerali wake wakijua, hamalizi wiki. Kipofu haongozi watu wenye bunduki. Jambo hili limekaa kwangu, kwako na kwa Mungu."

Wakaomba. Tabea alilibeba jambo lile kama mtu anavyobeba yai kwenye soko la Tengeru siku ya gulio.

*

Wakati huo serikali ilikuwa imewakaribisha Arusha wale wa ng'ambo wapatane: upande mmoja serikali yao, upande wa pili watu wa Kamanda Silvestri. Wajumbe wadogo walifika. Mkubwa wao hakufika. Aliahidi, akaahirisha, akaahidi tena, akaahirisha. Magazeti yaliandika kwamba ana kiburi. Mengine yaliandika kwamba ananunuliwa na nchi za nje. Tabea alisoma gazeti lililofungiwa sabuni, akalikunja, akalitia motoni. Alijua ni kwa nini. Mtu asiyeona ataketije mbele ya kamera, awekewe makabrasha, aambiwe fungua ukurasa wa pili?

Jumapili moja baada ya ibada, gari jeupe liliteremka taratibu kwenye njia ya migomba. Aliyeshuka alikuwa Derick, mtoto wa Anande, jirani yake wa bonde la pili. Tabea alimfundisha kipaimara akiwa kijana wa suruali fupi. Sasa alifanya kazi katika wizara ya mambo ya nje, na kwa miezi kadhaa alikuwa amehamishiwa Arusha kwa ajili ya mazungumzo hayo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa! Wanakulisha nini huko?"

"Vikao, Mwalimu. Vikao na korosho."

"Amri ya nane unaijua sasa? Ulikuwa unairuka kila siku, kutoka ya saba mpaka ya tisa, kama mbuzi anayeruka mfereji."

Derick alicheka mpaka akashika goti. Akanywa chai, akasifia ng'ombe, akauliza habari za kaburi la Mzee Abdiel kama limejengewa. Tabea alimtazama akizunguka, akamwacha azunguke. Mgeni mwenye haja hujulikana kwa jinsi anavyosifia ng'ombe.

Mwishowe Derick akaweka kikombe chini. "Mwalimu, tumekwama. Tumempelekea askofu. Tumempelekea padre, na shehe mmoja mwenye busara sana. Kamanda amewapokea wote, amesali nao, amewapa chakula, amewasindikiza mpaka garini. Lakini kuja, haji."

"Kwani siku hizi serikali inatumwa na maaskofu au inawatuma?"

"Serikali haina dini, hilo tumefundishwa tangu darasa la kwanza. Ila inaongea na watu wenye dini. Balozi huishia sebuleni, Mwalimu. Mtu wa dini anapita mpaka jikoni. Wakubwa wanalijua hilo, na si wetu tu; nchi kubwa zote hufanya hivyo, tofauti ni kwamba hazisemi."

"Na mimi nimekuwa wa jikoni."

"Wewe umekaa kwenye kigoda kabisa, karibu na mafiga. Mama ameniambia mnasali kila siku na mkewe."

Tabea hakukana. Jumuiya nzima ilijua ana dada ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amemtolea shukrani mara nyingi mbele ya watu.

"Sikuombi umpelekee ujumbe," Derick aliendelea, sauti imeshuka. "Wala sikuombi umshawishi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Yule mama huwa anaombea nini?"

Ng'ombe alikohoa zizini. Tabea alihisi uso ukipata moto, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Maisha yake yote alikuwa ameulizwa mambo mengi kuhusu watu: nani ana mimba ya nani, nani kaiba kahawa, nani kalala wapi. Hajawahi kuulizwa mtu anamwambia Mungu nini.

"Maana ya amri ya nane, Derick, kama nilivyokufundisha."

"Mwalimu..."

"Nisomee."

Derick, mtu mzima mwenye tai, alitazama chini. "Tusimsaliti jirani yetu," alisema. "Na mengine."

"Basi. Kunywa chai yako, inapoa."

Derick hakukasirika. Aliaga kwa heshima, akampa mikono miwili. Lakini akiwa ameshika mlango wa gari aligeuka, akasema kwa upole ambao ulimuumiza Tabea kuliko ukali: "Kila juma wanapochelewa, kuna kijiji kinaungua. Nasema tu ujue, Mwalimu. Sikulaumu."

Alfajiri iliyofuata Tabea alijaribu. Alimwambia Jeneroza kwamba yuko kijana mmoja wa serikali, mtoto mwema, amemlea mwenyewe kiroho. Pengine akiambiwa kidogo tu angeweza kusaidia.

"Dada," Jeneroza alisema, "nina watu mia wanaonilinda na mmoja ninayezungumza naye. Usinipunguzie huyo mmoja."

"Sitasema."

"Usiseme."

*

Hakusema. Alikaa na ahadi yake siku baada ya siku, na redio nayo ikakaa naye. Ilitaja soko lililochomwa watu wakiwa wananunua dagaa. Ilitaja mtumbwi uliojaa kina mama, uliopigwa risasi ukazama. Tabea aliwajua watu wa namna ile. Amewahi kuwagawia uji. Alipokamua, ng'ombe alimgeukia kana kwamba anakamuliwa na mtu mwingine. Alijiuliza swali moja akiwa anakata majani, akiwa anafua, akiwa amesimama tu katikati ya uwanja na fagio mkononi: je, siri ya mtu mmoja ina uzito gani ukiipima na mtumbwi? Mtu pekee ambaye angemuuliza ndiye mwenye siri.

Wanaotoka mbali na Akheri huenda hawaijui desturi hii vizuri, kwa hiyo ni heri ielezwe. Wakristo wa mtaa mmoja, yaani jumuiya, hukutana kila juma nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na kabla ya sala kiongozi huuliza kama kuna mahitaji. Hapo mtu hutaja lolote linalomlemea, na watu wote hulichukua, wakaenda nalo nyumbani, wakaliombea wakipika na wakipalilia. Hitaji ambalo halikutajwa huhesabiwa kwamba halikuombewa. Tabea mwenyewe ndiye aliyeyafundisha hayo tangu ujana wake. Aliwaambia watu: mzigo uliofichwa humwangukia aliyeuficha.

Alhamisi moja zamu ilikuwa ya Anande, mama yake Derick. Sebule ilijaa, viti vya plastiki vikapangwa mpaka barazani. Mzee Philemoni, kiongozi wa jumuiya, alifungua, wakaimba, akasoma somo, kisha akauliza mahitaji.

Nkasiogi, aliyeolewa hapo kutoka upande wa magharibi wa mlima, alinyoosha mkono. "Mimi ni ng'ombe wangu yule mwekundu. Amepandishwa mara tatu, hashiki."

"Huyo mpeleke kwa bwana mifugo," alisema mzee Elihuruma kutoka kwenye kona yake. "Bwana Yesu usimchoshe na mambo ya zizini."

"Kwani alizaliwa wapi, mzee? Si zizini?"

Kicheko kilipita chumba kizima, na Mzee Philemoni mwenyewe akajifuta macho. Ng'ombe mwekundu akaingizwa kwenye mahitaji. Kijana fulani akaombewa mtihani. Mama mmoja akaombewa mguu. Kisha, kabla Mzee Philemoni hajafumba macho kuomba, Tabea akasikia sauti yake mwenyewe ikisema.

"Kuna baba mmoja."

Watu wakamgeukia. Mwinjilisti hakuwa mtu wa kutaja mahitaji yake. Siku zote aliyaombea ya wengine.

"Yuko mbali. Macho yake yanakufa. Hawezi tena kusoma, na anaogopa watu wake wasije wakajua, maana wakijua watamdhuru. Mke wake anateseka. Tumwombee huyo baba." Hapo machozi yakamshinda, akajifunika kwa kanga.

Hakutaja jina. Hakutaja nchi. Aliamini, kwa moyo wote, kwamba hajasema neno kwa mwanadamu yeyote. Alimwambia Mungu, watu wakiwa wamekaa karibu. Anande ndiye aliyelichukua hitaji lile akaliombea, kwa sauti yake nene ya kwaya, kwa muda mrefu, mpaka wanawake wakaanza kuitikia na mzee Elihuruma akavua kofia aliyokuwa amesahau kuivua. Tabea alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Jioni ile alimaliza chakula chake chote.

*

Majuma machache baadaye redio ilitangaza kwamba Kamanda Silvestri amekubali kuja.

Tabea alikuwa anachambua maharage. Mtangazaji alieleza kwa furaha utaratibu mpya uliopendekezwa na wenyeji. Kwa kuwa pande zote mbili ni watu wa imani, alisema, hakutakuwa na makabrasha mezani. Kila kifungu kitasomwa kwa sauti, wajumbe wote wakiwa wamesimama kama yasomwavyo masomo kanisani, na kila upande utaitikia. Siku ya kutia sahihi, viongozi wa dini watasimama kando ya kila kiongozi na kumshika mkono kama ishara ya baraka. Mchambuzi mmoja aliyehojiwa alisifu sana: hii, alisema, ndiyo diplomasia ya Kiafrika, imani ikitumika kama daraja.

Maharage yalimwagika kutoka kwenye ungo. Hayo hayakuwa mambo ya daraja. Utaratibu ule ulikuwa umeshonwa kama nguo, kwa kipimo cha mtu mmoja. Asome nani, wakati kila kitu kinasomwa? Na mkono ukishikwa na askofu, utakosaje mstari?

Alfajiri iliyofuata simu haikulia. Alisubiri mpaka kukapambazuka, akapiga yeye. Iliita, ikaita, ikakatika. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu haikuita kabisa.

Alivuka bonde kwenda kwa Anande. Alimkuta jikoni anamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu.

"Karibu Mwinjilisti! Mbona umekuja kama mtu aliyefukuzwa na nyuki?"

"Mama Derick, lile hitaji langu la macho. Ulimwambia Derick?"

"Si nilimwambia!" Anande alisema kwa fahari, kisu kikiwa hewani. "Nilimpigia jioni ile ile. Nikamwambia, mwanangu, mwombee na huyu baba, Mwinjilisti amemlilia mpaka nasi tukalia. Kuna nini? Amepona?"

"Nilisema humu ndani, Anande. Kwa jumuiya."

"Sasa Derick si wa jumuiya? Amebatizwa wapi, Ulaya? Wewe mwenyewe umesema tuchukue tukaombe. Mimi nikachukua." Akamtazama vizuri, na fahari ikaanza kumtoka. "Au maombi siku hizi yana ukuta? Niambie nijue. Nimekosa?"

Tabea akaketi kwenye kigoda. Angemwambia nini? Mama yule alikuwa amefanya kile alichofundishwa, na aliyemfundisha ndiye huyu aliyeketi. "Hujakosa," alisema. "Nipe kisu kingine nikusaidie kumenya."

Derick alikuja mwenyewe, bila kuitwa, Jumamosi. Hakushika kikombe cha chai.

"Nilimwombea, Mwalimu. Usidhani natania. Mama alipokata simu nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikiwa pale magotini ndipo nilipomjua ni nani." Alimeza mate. "Nikasema amina, nikanyanyuka, nikaenda kazini."

"Ukawaambia."

"Niliwaambia watu wawili. Tukamtafutia daktari wa macho, akaenda kwa Kamanda pamoja na ujumbe wa kanisa kama mmoja wa wazee. Hakuna jenerali anayejua mpaka leo. Ningefanya nini? Nijifanye sijui, na mitumbwi inazama?"

Tabea alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa, kama alivyokuwa akitafuta andiko alilolisahau. Mtoto yule alisema kweli. Na amani ile ilikuwa kweli: hapakuwa na kijiji kilichoungua tangu mwezi uanze.

"Nisaidie nimwone," alisema. "Akija na mumewe. Hata dakika za chai."

*

Mkataba ulitiwa sahihi. Akheri nzima ilitazama televisheni kwa Mzee Philemoni, na Kamanda aliposimama, mrefu, miwani myeusi usoni, askofu kamshika kiwiko, wanawake walipiga vigelegele. Kalamu ilishuka mahali pake. Tabea alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakumtazama Kamanda. Nyuma ya bega lake palikuwa na mwanamke aliyenenepa kidogo, kitenge cha rangi ya zabibu, mdomo umefungwa. Kamera ilimpita haraka.

Siku iliyofuata Derick alimchukua kwa gari mpaka hoteli moja upande wa Sakina, mjini Arusha. Nje ya ukuta mabasi ya Nairobi yalinguruma. Ndani palikuwa na majani yaliyokatwa vizuri, meza ya chai chini ya mwavuli, na vijana wenye suti wamesimama huku na huku wakitazama viatu vyao. Derick alibaki barazani.

Jeneroza alikuja akitembea polepole. Walikumbatiana. Ilikuwa miaka mingi tangu wagusane, na kila mmoja alishangaa mwenzake amekuwa mzee mikononi mwake. Kisha Jeneroza akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Baba anakusalimu. Daktari amelisafisha jicho moja, anaona mwanga. Anasema anataka kukupa ng'ombe."

"Nina ng'ombe. Wewe, dada, hujambo?"

"Sijambo. Nchi haijambo." Alichukua kijiko, akakirudisha. "Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mungu."

"Kwa sauti?"

Tabea aliinamisha kichwa. "Kwa sauti. Katika jumuiya. Sikutaja jina. Kwetu hitaji hutajwa, watu wakalichukua. Nilikuwa nimeelemewa, dada. Niliona nitakufa nalo."

Jeneroza alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. "Kwetu, wakati ule wa kujificha msituni," alisema, "waliosali kwa sauti walisikika. Mama yangu alisikika. Mimi sikuwahi kutoa sauti mbele za Mungu mpaka nilipokutana nawe kambini. Wewe ndiye uliyenifungua mdomo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani, hata kabla sijapanda ndege. Watu wangapi wako hai leo? Nikikukasirikia nitakuwa mtu gani?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wenyewe ndio uliomtia Tabea hofu. "Lakini nikishika simu alfajiri, mkono unakataa. Nafikiri: baada ya dada, ni nani mwingine anasikia? Nilikuwa na mtu mmoja. Sasa nina serikali mbili."

Mhudumu alileta maandazi. Hakuna aliyeyagusa. Walizungumza kidogo kuhusu mvua, kuhusu bei ya kitenge, kuhusu mama mmoja wa kambini waliyemkumbuka kwa uchoyo wake wa chumvi, na kwa muda mfupi wakacheka kweli kweli, Jeneroza akiziba mdomo kwa kiganja kama zamani. Kijana mmoja mwenye suti akatazama saa.

"Tuombe kidogo kabla hujaondoka," Tabea alisema.

Jeneroza aliangalia vijana wale. Aliangalia barazani, ambako Derick alikuwa amewapa mgongo kwa adabu. Kisha akanyoosha mikono yake juu ya meza, kati ya vikombe.

"Tuombe," alisema. "Kimya."

Wakashikana mikono, wakafumba macho. Tabea alisikia mabasi, akasikia ndege kwenye ua, akasikia pumzi ya mwenzake ikiingia na kutoka. Alimwombea afya, akamwombea mumewe, akamwombea usingizi. Halafu akanyamaza hata moyoni, akatega sikio. Vidole vya Jeneroza vilikaza, vikalegea, vikakaza tena. Palikuwa na jambo analolisema, kubwa, na linakwenda moja kwa moja juu bila kupita kwake. Kwa miaka yote ile hapakuwa na siku ambayo Tabea hakujua dada yake anaomba nini.

Mikono ikaachiana. Kiti kikasogezwa kwenye majani. Tabea alisikia hatua zikienda, nyingi, za viatu vya wanaume zikizizunguka za mwanamke mmoja, na milango ya magari ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa bado amefumba macho. Hakuna aliyesema amina, na hakujua kama angeweza kuisema peke yake.